Kiti cha Mzazi

Mwanangu wa kwanza alipanda gari akiwa na siku mbili duniani. Tulitoka hospitali mnamo saa nne asubuhi, jua la Tanga limeshakolea, na mama mkubwa aliyekuja kumchukua mzazi alisimama kwenye mlango wa gari akagawa nafasi kama anayegawa sinia za pilau shughulini. Vijana nyuma. Ndoo, mabegi na chupa za uji kwenye buti. "Mpisheni mzazi akae mbele, huko nyuma mtambana," akasema, na hakuna aliyebisha, kwa kuwa hakuna aliyeona la kubishia. Mke wangu akaingia polepole na maumivu yake, akampakata mtoto aliyezongwa kwa khanga mbili na shali. Mkanda hakuvaa, ungembana tumbo. Mimi nikaendesha kwa mwendo wa maharusi, nikijihesabu kuwa baba anayejua wajibu wake.

Mbele yao, kwenye dashibodi, palikuwa na herufi tatu zilizochorwa kwenye plastiki: SRS, na neno jingine la Kiingereza pembeni yake. Kila Jumamosi kwa miaka miwili nilikuwa nikiyafuta vumbi maandishi yale. Sikuwahi kujiuliza kuna nini nyuma yake.

Siyasemi haya ili nijute hadharani. Tulifika salama, mtoto amekua, na siku hizi tunagombania simu. Nayasema kwa sababu mpango ule wa viti haukutokana na uzembe. Ulitokana na adabu. Kwetu kiti cha mbele ni cha heshima: hupewa mzee, mgeni, mgonjwa, na kuliko wote mzazi na kichanga chake. Kwenye teksi, kwenye gari la jirani, hata kwenye daladala, abiria wa mbele huteremka bila kuombwa mara mbili pindi mama mwenye mtoto anapotokea. Ni tabia njema na ningependa tubaki nayo. Ila kiti tunachowapisha leo si kile walichopishana wazee wetu kwenye magari yao. Mbele yake kimewekwa kitu kipya, na adabu yetu haijapata habari.

Kitu hicho nilikuja kukiona uso kwa uso kwenye gereji moja ya Dar es Salaam, nilipokwenda kwa fundi umeme. Pembeni palikuwa na gari dogo lililogongwa pua. Kwenye dashibodi yake, upande wa abiria, plastiki ilikuwa imepasuka, na mfuko mpana wa kitambaa ulikuwa ukining'inia nje, umesinyaa. Nikasema, kumbe ni mto. Fundi akacheka. "Mto gani, mzee? Hiyo baruti."

Hakuwa mbali na ukweli. Mfuko wa hewa, ambao wenye magari huuita eabegi, haujazwi kwa pampu. Hukaa umekunjwa, na nyuma yake pana kopo la kemikali. Sensa zikihisi gari limegonga, umeme huiwasha kemikali hiyo, nayo hutoa gesi nyingi kwa mkupuo. Mfuko hupasua kifuniko na kujaa kwa muda wa milisekunde 30 hadi 50. Kope haziwahi kufumba na kufumbua. Kasi yake unapochomoka inaweza kufika kilomita 300 kwa saa. Hesabu zote hizo zimepigwa kwa ajili ya mtu mzima aliyevaa mkanda na kuegemea kiti, kifua chake kikiwa mbali na dashibodi. Huyo anapotupwa mbele huukuta mfuko umeshajaa na umeanza kupumua, ukampokea. Zile herufi SRS zenyewe zina maana ya mfumo wa kuusaidia mkanda. Bila mkanda, msaidizi hana wa kumsaidia.

Mtoto mdogo haukuti umeshajaa. Anakutana nao njiani, unapotoka. Aliyepakatwa yuko katikati: mbele yake mfuko, nyuma yake kifua cha mama anayetupwa kwa uzito wake wote. Yule wa miaka mitano au sita, anayependa kusimama ashike dashibodi aangalie barabara, au aliyeketi bila mkanda, husukumwa mbele na breki ya ghafla kabla gari halijagonga, hivyo mfuko unapolipuka uso wake uko pale pale kwenye kifuniko. Wa tatu ndiye anayesikitisha zaidi, maana mzazi wake amejitahidi: amenunua kiti cha mtoto, akakifunga sawasawa kikitazama nyuma kama inavyoelekezwa, kisha akakiweka mbele ili amwone mtoto anapoendesha. Mgongo wa kiti hicho unakaribia kugusa dashibodi. Mfuko ukitoka hukipiga pale pale nyuma ya kichwa cha mtoto, ukakitupa kuelekea mgongo wa kiti cha gari.

Kwa kichwa na shingo za umri huo, pigo hilo si jambo la kupona kwa dawa ya kuchua. Mtoto mchanga ana kichwa ambacho ni karibu robo ya urefu wa mwili wake. Cha mtu mzima ni kama sehemu moja kwa nane. Pingili za shingo yake bado zina gegedu nyingi, hazijakomaa kuwa mfupa mzima. Mama zetu walilijua hilo bila picha za eksirei: ndiyo maana msichana anayepewa kichanga ashike huambiwa kwanza, kabla ya neno lolote, "mshike shingo."

Wala haihitaji ajali ya kutisha. Mfuko unaweza kutoka gari likigonga kitu kigumu kwa mwendo wa kilomita 20 au 25 kwa saa, mwendo wa mtu anayetafuta maegesho. Ni ajali ambayo kwa kawaida watu wazima hushuka wakigombana nani atalipa bampa.

Marekani walilijua hili kwa kuzika. Mifuko ya abiria wa mbele ilienea huko katika miaka ya 1990, na sheria ikailazimisha kwenye magari yote madogo mapya ya mwaka 1998. Mamlaka ya usalama barabarani ya nchi hiyo imekadiria kwamba kati ya mwaka 1990 na 2008 mifuko ya mbele iliua watu zaidi ya 290 katika ajali za mwendo mdogo. Wengi wao walikuwa abiria, na kati ya abiria hao zaidi ya tisa kwa kila kumi walikuwa watoto, wengi wakiwa hawana mkanda au wakiwa kwenye viti vinavyotazama nyuma. Kifaa kilichookoa maelfu ya watu wazima kilikuwa kikiua watoto wao upande wa pili wa gari lile lile. Watengenezaji wakapunguza nguvu ya mifuko, vibandiko vya onyo vikabandikwa, na wazazi wakahimizwa: mtoto wa chini ya miaka 13 akae nyuma.

Kejeli yake ni kwamba kiti kinachotazama nyuma ndicho kinga bora kuliko zote alizowahi kupewa mtoto ndani ya gari. Katika miaka ya 1960 huko Uswidi, Bertil Aldman aliangalia jinsi wanaanga walivyolazwa chali kwenye vyombo vyao, mgongo mzima ukipokea kishindo, akaona mtoto naye anaweza kusafiri hivyo. Volvo walijaribu kiti cha kwanza cha namna hiyo mwaka 1964. Gari likigonga kwa mbele, kichwa, shingo na mgongo huzama pamoja kwenye kiti, na shingo haikatiki kwa kuvutwa. Hadi leo Waswidi wengi huwaacha watoto wao wakitazama nyuma mpaka miaka minne, na kwa muda mrefu walikiweka kiti hicho hapo hapo mbele. Mfuko wa hewa ulipoingia, ilibidi uzimwe kwanza. Kiti ni kile kile na mtoto ni yule yule. Kilichobadilika ni kinachomtazama mgongoni.

Msomaji anaweza kusema: basi gari langu ni la zamani, halina mfuko, nitampakata mbele kwa amani. Hapo ndipo neno letu zuri la kupakata linapotudanganya. Gari linaloenda kilomita 50 kwa saa likigonga, kishindo chake ni sawa na kuanguka kutoka mnazi wa mita 10. Chukua mtoto wa kilo 8, mpe bahati njema ya kusimamishwa ndani ya nusu mita: mikono inayomshika inatakiwa kuhimili nguvu ya zaidi ya kilo 150. Hiyo ni mifuko mitatu ya saruji, inayodondoka ghafla, mikononi mwa mtu ambaye naye anarushwa. Hakuna mama anayeweza, si kwa sababu hampendi mtoto. Na kumwingiza ndani ya mkanda wako mwenyewe ni vibaya zaidi. Unamgeuza yeye kuwa mto kati ya mkanda na mwili wako.

Nilipoyaeleza haya nyumbani kwa mara ya kwanza, mama mkubwa alinisikiliza mpaka mwisho, akatema jibu moja: "Mtoto wa watu hafungwi kama mbuzi."

Nimelitafakari jibu hilo kuliko hotuba nyingi nilizozisikia kuhusu malezi. Kwa kipimo chake ana haki. Sisi tumelelewa mgongoni na mapajani. Mbeleko ndiyo iliyokuwa gari letu la kwanza. Kumtoa mtoto mwilini mwa mtu, kumweka peke yake kwenye plastiki, kumfunga mikanda mitano huku akilia, machoni pa mwanamke aliyelea watoto tisa ni ukatili wa watu wasiokuwa na jamaa. Nami sikuweza kumjibu kwa takwimu. Nilimwuliza tu kama mbeleko haifungi. Akanyamaza, kisha akasema mbeleko ina joto la mtu. Ni kweli. Kiti hakina.

Lakini kulea kumejaa mambo yasiyokuwa na joto. Tunawapeleka kliniki wakadungwa sindano wakitutazama kwa macho ya kusalitiwa. Tunawanywesha dawa chungu tumewabana pua. Mama huyo huyo ndiye aliyewashika watoto wake tisa miguu ili wachanjwe, na hakuna aliyemwambia anawafunga kama mbuzi. Ugumu wa kiti cha gari ni kwamba sindano inazuia maradhi ya kuogopwa, ambayo watu wameyaona. Ajali inayozuiwa na kiti haijatokea, na ikitokea bila kiti tunao msemo wa kuipokelea. Ajali haina kinga. Husemwa msibani kwa sauti ya chini, na pale msibani una kazi yake, kwa kuwa unamwondolea aliyeendesha mzigo asioweza kuubeba siku hiyo. Shida ni pale unapotoka msibani ukaingia kwenye gari zima. Kila msikiti wa pwani umeshahadithiwa habari ya ngamia anayefungwa kwanza. Sijui kwa nini ngamia tunamfunga na mtoto tunamwachia tawakali.

Tuseme basi mtu ameamua. Magari yetu mengi yanatoka Japani yakiwa yameshatumika: Vitz, IST, Passo, Noah. Kwenye kile kibao cha kukinga jua upande wa abiria mara nyingi pana kibandiko chenye picha ya kiti cha mtoto, mfuko uliofura, na duara jekundu lenye mstari. Maandishi yake yakiwa ya Kijapani tunayaacha kama pambo, lakini picha haihitaji mkalimani. Magari mengi ya Ulaya yana kitundu cha ufunguo cha kuzimia mfuko wa abiria, pembeni mwa dashibodi au ndani ya kisanduku chake. Mengi ya haya ya Japani hayana. Maana yake ni moja: kiti kinachotazama nyuma hakina nafasi mbele ya gari hilo, hata kwa safari ya kwenda dukani.

Mafundi hujitolea kukata waya. Sishauri. Unamnyang'anya mtu mzima kinga yake, na mtoto aliyepakatwa bado hajasalimika na dashibodi. Isitoshe, kwenye magari haya hujui umeuziwa nini. Lililowahi kugongwa linaweza kuwa na kifuniko kizuri kisicho na mfuko ndani, na taa ya onyo iliyozimwa ili mnunuzi asiulize. Taa hiyo inatakiwa iwake kidogo unapofungua swichi, kisha izime yenyewe. Isipowaka kabisa, anza kuuliza. Kuna pia mifuko ya kampuni ya Takata ya Japani, iliyofungwa kwenye magari ya makampuni mengi mpaka ikaitwa kurudishwa kwa mamilioni duniani kote. Kemikali yake huharibika polepole kwa joto na unyevu, na siku ya kulipuka kopo lenyewe hupasuka likarusha vipande vya chuma. Joto na unyevu, kwa miaka mingi: anayeishi Mombasa au Dar es Salaam hahitaji kuelezwa hali hiyo ya hewa. Namba ya chasisi ipelekwe kwa mwakilishi wa kampuni iliyotengeneza gari, aangalie kama liliwahi kuitwa.

Basi mtoto nyuma. Mchanga kwenye kiti kinachotazama nyuma, na asigeuzwe kwa haraka ya kutaka aonekane mkubwa. Kanuni mpya za Ulaya zinataka angalau miezi 15, na wataalamu wengi husema aachwe hivyo mpaka kiti kimkatae kwa kilo au kwa urefu. Kisha kiti kinachotazama mbele chenye mikanda yake, kisha kile cha kumwinua tu, ili mkanda wa gari upite begani na nyongani badala ya shingoni na tumboni. Uingereza sheria inamtaka atumie kiti mpaka atimize miaka 12 au sentimita 135. Viti hivi vipo madukani kwa bei ya kuumiza, na vipo kwenye mitumba kwa bei ya kuelewana. Cha mtumba kikague: ganda lisiwe na ufa, mikanda isiwe imekatika nyuzi, kufuli libane, kibandiko cha ubora chenye herufi E ndani ya duara kiwepo. Huwezi kujua kama kiliwahi kupita kwenye ajali, na hilo ni doa la kweli. Hata hivyo Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba viti vya watoto hupunguza vifo vya vichanga kwenye ajali kwa takriban asilimia 70, na mimi kati ya kiti chenye historia nisiyoijua na mapaja matupu ninachagua kiti. Asiye nacho kabisa amweke mtoto nyuma, mbali na mfuko, na aliyemshika afunge mkanda wake mwenyewe kwanza, mtoto akiwa nje ya mkanda huo. Haitoshi. Ni nafuu tu. Mwenye pikapu ya kichwa kimoja, isiyo na kiti cha nyuma, kichanga asikipakie mpaka mfuko uzimwe kwa swichi yake halali.

Kuna jambo moja ambalo wanaohimiza kiti cha nyuma hupenda kuliruka, nami sitaliruka. Watoto walipohamishiwa nyuma huko Marekani, wakitazama nyuma na kusinzia kimya, wazazi wengine walianza kuwasahau ndani ya gari lililofungwa juani. Tangu 1998 wamekufa kwa joto ndani ya magari kwa wastani watoto zaidi ya 30 kila mwaka, wengi wao wakiwa wamesahauliwa. Kinga ya hatari moja ilifungua mlango kwa nyingine. Kwa jua letu, gari lililoegeshwa saa sita mchana ni tanuri ndani ya dakika chache. Rafiki yangu mmoja akimpakia mwanawe nyuma huvua kiatu cha mguu wa kushoto akakiweka chini ya kiti cha mtoto. Gari lake ni la otomatiki. Mguu huo hauna kazi. Hawezi kwenda ofisini na kiatu kimoja.

Nina binamu anayeishi Dubai. Huko tangu Julai 2017 kanuni inataka mtoto wa hadi miaka minne awe kwenye kiti chake, na anayeketi mbele awe ametimiza miaka 10 na urefu wa sentimita 145. Anayekiuka suala la kiti cha mtoto aliwekewa faini ya dirham 400. Binamu yangu huko ni mfano wa kuigwa. Akishuka Zanzibar kwa likizo, kabla mabegi hayajatoka yote, yule mtoto wa miaka mitatu yuko mbele mapajani mwa baba yake, dirisha wazi, anapunga mkono. Nilimwuliza. Akasema, "Huku hakuna anayekamata." Sikuwa na hasira naye, kwa kuwa nami nilikuwa hivyo bila hata kuonja sheria. Lakini nilielewa kwamba miaka yote ile alikuwa akimlinda mwanawe dhidi ya polisi.

Mtoto wetu wa pili alipozaliwa tulikwenda hospitali na kiti cha mtumba, nilichokifua mikanda kwa sabuni na kukianika siku mbili. Mama mkubwa alikiona, akasonya, hakusema. Mzazi alipotoka, watu wakaanza kupisha mbele kama kawaida, na mimi nikafungua mlango wa nyuma. Palikuwa na ukimya wa aibu, kama vile nimemkalisha mgeni jikoni. Mke wangu akaingia nyuma. Mama mkubwa akazunguka upande wa pili, akaketi naye, mtoto kwenye kiti chake katikati yao, akafunga mkanda mwenyewe bila kuambiwa na njia nzima akamwekea yule mtoto kiganja juu ya kifua ili, kwa maneno yake, asihisi baridi ya plastiki.

Tangu siku hiyo mahali pake ni pale. Mwezi uliopita tulikwenda Muheza, mtoto nyuma, bibi yake pembeni akimmenyea chungwa. Wakati wa kurudi tenga la machungwa halikuenea kwenye buti, tukaliweka mbele, kwenye kiti cha heshima. Hatujafika hata barabara kubwa, gari likaanza kulia, tii, tii, tii: lilidhani ni mtu hajafunga mkanda. Ikabidi nisimame, nizunguke, nilifunge.

"Hilo nalo unalifunga?" mama mkubwa akauliza kutoka nyuma.